Pine ya Mbele Yenye Mapengo

Mwezi uliopita nimerudisha ufunguo wa moto, ile pikipiki ya kazi. Wakanipa soda, wakanipa kiti cha plastiki, wakapiga makofi, halafu nyie vijana mnaobaki barabarani mkanizunguka na swali moja tu: "Mzee, pine ya mbele unachaguaje?" Hakuna aliyeniuliza habari ya cheo. Mmefanya vizuri, sababu cheo sikuwa nacho.

Alors, naandika kwa mkono wangu huu huu, na mkikuta herufi imelala msiiamshe. Shule mi niliiona kwa dirishani, tena dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa. Kusoma nimejifunzia kwenye pine. Namba ya kwanza kuijua maishani ni ishirini na moja, sababu ndiyo imeandikwa ubavuni mwa pine ya mbele ya zile moto ndefu za porini. Mpaka leo nikiona 21 mahali popote, hata kwenye mlango wa hospitali, nasimama kuisalimia.

Nilikulia Tanzania kambini, na kule tulisema tairi. Nilivyorudi, mtu mzima mwenye mke na jembe, nikakuta huku Gitega kila mtu anasema pine. Nikaiacha tairi mpakani pamoja na mbwa wangu.

Kazi ya kwanza walinipa geti. Projet ilikuwa ya chanjo za watoto. Moto zinatoka asubuhi na masanduku ya barafu, zinarudi jioni na matope, na mi nafungua, nafunga, nafungua. Geti lile nililifungua sana mpaka bawaba zikaanza kuniita baba. Siku moja dereva mmoja akapigwa na malaria, shefu wa projet akaja uwanjani akauliza nani anajua moto. Nikasema mimi. Moto sikuwahi kuikalia hata ikiwa imezimwa. Ila nilikuwa nimebeba ndizi kwa baiskeli kutoka Mutaho, mikungu minne kwenye keria, breki hakuna, unasimamisha kwa kisigino na kwa maombi. Mtu aliyeshuka vile na akafika na meno yote, moto kwake ni kitanda.

Bon, siku ile ya kwanza moto ilizimika mara saba kabla sijatoka uwanjani, na mara ya nane ikaruka ikaenda kugonga geti. Geti langu mwenyewe! Aliyenichomoa pale alikuwa Mzee Bukuru, dereva wa zamani kuliko wote, mwembamba kama spoku. Hakucheka. Aliangalia geti, akaangalia pine ya mbele, akasema, "We, moto iko inaenda mahali macho inaenda. We ulikuwa unaangalia geti. Kesho angalia njia."

Hilo ndilo somo la kwanza, nawapa bila kunyweshwa hata bia.

Sasa tuje kwenye pine. Wengi wenu mnafikiri pine ya nyuma ndiyo ya maana, sababu ndiyo inasukuma na ndiyo inaisha haraka. Ya mbele mnaiacha mpaka inakuwa laini kama goti la katekista. Sikilizeni mzee aliyeanguka kwenye kila tarafa ya nchi hii, na nyingine mara mbili. Pine ya nyuma ikiteleza, unacheza dansi. Pine ya mbele ikiteleza, unalala. Ya mbele ndiyo inakata kona, ndiyo inashika breki, ndiyo inajua njia kabla yako. Ya nyuma ni ng'ombe wa kusukuma, inafuata tu.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka ule ule wa kwanza. Stoo ilipokea pine mpya za mbele, shefu akasema kila dereva ajichagulie. Zilikuwa za aina nyingi: zenye meno yaliyobanana, mafupi mafupi, zimejaa mpira mpaka huoni pa kuweka kidole. Na zenye meno marefu, yameachana, katikati mapengo. Tukazikimbilia zilizobanana, karibu tupigane. Mnajua kwa nini? Sisi ni watu wa mbuzi. Sokoni, kabla hujanunua mbuzi unamfungua mdomo, unahesabu meno. Mwenye mapengo ni bibi, unamwacha. Basi na pine tuliifungua mdomo. Mi nikapata iliyobanana kuliko zote, nikaipiga busu mbele ya watu.

Bukuru peke yake akachukua ya mapengo. Tulimcheka mpaka mpishi akatoka jikoni.

"Muzehe, hiyo imezeeka kiwandani!"

"Itakula nini na meno hayo? Uji?"

"Mucheke tu," akasema. "Mvua iko njiani, itacheka na nyinyi."

Mvua ikaja. Nikatumwa Gishubi na sanduku. Udongo wa Gishubi mnaujua: ule mwekundu, mzito, ukiukanyaga asubuhi mke wako anaufagia mpaka Krismasi. Kilomita ya kwanza, raha. Ya pili, nikaona usukani umekuwa mwepesi, kama nimeshika mkono wa mtu asiyenitaka. Nikainama kuangalia pine. Meno hayapo! Udongo umejaa kati ya jino na jino, pine imekuwa duara, laini, inang'aa kama chungu. Nikagusa breki kidogo, kidogo tu kama unamgusa mtoto aliyelala. Yampayinka! Niliteleza kuanzia pale mpaka karibu na Ubelgiji. Njiani nilipita watu watatu nikawasalimia wote na wakaitikia. Nilisimama bondeni, kwenye maji wanamoloweka mihogo, na sanduku likafunguka, chupa zote za chanjo zikaenda chini.

Hapo sitanii. Kwenye kituo cha Gishubi kulikuwa na akina mama tangu alfajiri, watoto mgongoni, wengine wamevuka vilima viwili. Nikawakuta wamekaa kwenye nyasi. Nikawaambia hakuna. Hawakunitukana. Mmoja alifunga kitambaa chake vizuri, akasema "Sawa, baba," akaondoka. Afadhali angenipiga na fimbo.

Shefu wetu alikuwa mtu wa kunyoosha: suruali imenyooshwa, maneno yamenyooshwa. Akaniita ofisini. "Écoute. Chanjo siyo ndizi. Mara ingine ukianguka na sanduku, unarudi geti. Sitaongea tena."

Nikatoka pale nikamkuta Bukuru anasafisha moto yangu kwa kijiti, anachokoa udongo kwenye meno ya pine. Kabla ya moto, mzee huyu alikuwa anafyatua matofali. Akatoa kipande cha udongo kilichokauka kati ya meno mawili, kimetoka mraba, safi, pembe nne.

"Angalia. Hii pine yako iko kalibu. We haukuwa unaendesha, we ulikuwa unafyatua matofali."

"Sasa nifanyeje, muzehe?"

"Usianze na pine. Anza na udongo."

Akanifundisha kazi ya mikono, na ndiyo hii mlikuwa mnaniona nafanya mkidhani nimechanganyikiwa. Unafika njia usiyoijua, unashuka. Unachota udongo, unaukamua kwenye ngumi, halafu unaupiga kwenye mguu wa suruali. Ukidondoka saa ileile, ni njia ngumu, ya changarawe: chukua meno yaliyobanana, mafupi, mpira laini. Ukishika halafu ukadondoka ukitembea hatua kumi, chukua ya katikati. Ukishika ukakataa kutoka mpaka uukwangue, huo ni udongo wa matofali: taka meno marefu yaliyoachana, ili tope lipate mlango wa kutokea. Pine nzuri ya tope inatema. Ikimeza, umekwisha. Miezi ile tulikuwa na suruali zenye ramani ya nchi nzima, na mke wangu alitaka kumfungulia Bukuru mashtaka.

Mpira wenyewe unaupima kwa kucha. Bonyeza jino la pine. Kucha ikiacha alama halafu alama ikarudi polepole, ni laini, inashika jiwe lililolowa. Ikikataa kucha kama pembe ya ng'ombe, itadumu sana, na we pengine hutadumu nayo. Halafu angalia meno ya pembeni, yale ya begani. Wauzaji watakuonyesha ya katikati tu. Ya pembeni ndiyo yanakushika ukilala kwenye kona. Na mshale ubavuni uangalie mwendo wa mbele. Niliwahi kuifunga pine kinyume wiki nzima, nikawa nashangaa kwa nini moto inataka kurudi nyumbani.

Bukuru akastaafu, akarudi kwenye migomba yake. Mimi wakanihamishia Muyinga, na shefu yuleyule akaja kule kusimamia. Nilikuwa bado sijaanguka tena na sanduku. Bila sanduku tusihesabu, karatasi itaisha.

Halafu ikaja siku ya Buhinyuza.

Kituo cha Buhinyuza kilikuwa kimekosa chanjo muda mrefu, na surua ilikuwa inazunguka vijijini. Tarehe ikatangazwa makanisani na msikitini: akina mama wote waje. Shefu akanipa pine mpya ya mbele kwa safari ile, aliichagua yeye mwenyewe. Meno yamebanana kama watu kwenye misa ya Pasaka. Na mvua ilikuwa imepiga siku tatu. Nikamkuta mkulima wa Buhinyuza sokoni, nikamwomba anyanyue mguu. Akafikiri nina wazimu. Nikakwangua udongo kwenye kiatu chake, nikaupiga kwenye suruali yangu. Nikanunua chumvi, nikanunua sabuni, nikafika mwisho wa soko, udongo bado umekaa pale kama mpangaji asiyelipa.

Nikaenda kwa Shabiri. Duka lake la vipuri babu yake ndiye alilifungua, watu wa kutoka India. Mlangoni alikuwa ametundika pine moja ya 21, meno marefu, mapengo makubwa, imekaa hapo miaka mpaka kuku ametagia ndani. Vifaranga wa kizazi cha tatu walikuwa wanaijua kama kwao.

"Shabiri ndugu yangu, ile pine bado hai?"

"Ile? Wallahi, hata mwizi aliiba taa akaiacha ile. Watu wanasema imeng'olewa meno."

Nikabonyeza kucha. Alama ikaingia, ikarudi polepole. 

"Nipe hiyo, nikupe hii mpya."

Akanikazia macho, akaita ndani, "Mama Yusufu, njoo uone! Kuna mtu anataka kubadilisha binti na bibi!" Halafu akanong'ona, "Una homa? Nisije nikaonekana nimekudhulumu. Huyo shefu wako atakuja kunifungia duka."

"Shefu niachie mimi."

Tukabadilishana. Akaniongezea tyubu nene kwa huruma. Nikaifunga hapohapo kwa vyuma viwili na povu la sabuni, mshale mbele. Upepo nikaupunguza mpaka dole gumba likaanza kuzama kidogo, kama avoka ya kuliwa kesho.

Asubuhi shefu akaiona uwanjani. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Pine yangu iko wapi?"

"Iko kwa Shabiri, shefu. Udongo wa kule ni wa matofali, sasa hii ina..."

"Umechukua pine mpya ya projet, umebadilisha na hii takataka yenye mapengo?"

"Shefu, nipe sanduku, nikianguka..."

"Sanduku linaenda kwenye gari. Na mimi naenda kwenye gari. Wewe fuata nyuma bila mzigo, uone kazi inavyofanyika. Kesho asubuhi nataka nikukute kwenye geti. Voilà."

Basi, vijana, mnajua sasa nilivyotoka Muyinga siku ile. Mbele gari nyeupe, ndani shefu na sanduku. Nyuma mimi, keria tupu, nikiwa nimefukuzwa barabarani kabla sijafika barabarani. Niliendesha taratibu kama naisindikiza maiti, na maiti ni mimi.

Lami ikaisha. Kilima cha kwanza gari ikapanda. Cha pili ikapanda ikilia. Kisha tukafika mteremko mmoja mrefu unaoshuka mpaka kwenye mto mdogo na kupanda upande wa pili. Gari ikashuka ubavu ubavu, kama kaa, ikafika chini, ikazama mpaka milango. Dereva akakanyaga mafuta. Ikazama mpaka vioo. Mkiniambia naongeza, ni kweli, ila naongeza kidogo.

Shefu akatoka kwa dirisha. Viatu vyake vilibaki ndani ya tope, soksi ikatoka naye. Wakasukuma, wakakata majani ya migomba wakaweka chini, gari ikayala majani yote ikaomba mengine. Jua likaanza kupanda. Shefu akafungua sanduku, akaangalia, akafunga haraka. Nilimwona anahesabu masaa usoni.

Nikashuka kwa moto mpaka pale. Nilishuka nimesimama kwenye vikanyagio, mwili mwepesi, macho mbali, breki ya mbele sikuigusa hata kwa mawazo. Na ile pine ikafanya kazi yake: kila ikizunguka inatema. Inatema kulia, inatema kushoto, inanitemea mimi usoni kama bibi aliyekasirika na ugoro mdomoni. Nikasimama ubavuni mwa shefu wima. Sikusema kitu. Kwa mtu kama mimi, kukaa kimya dakika mbili ni kufunga kwaresima nzima.

"Barafu itafika saa sita tu," akasema, bila kuniangalia.

"Ndiyo, shefu."

"Kwa miguu ni masaa mangapi?"

"Kwa miguu yako au ya watu wa huku?"

Akaniangalia. Akaangalia pine. Pine ilikuwa safi kati ya jino na jino, unaona mpira mweusi.

"Ukianguka..." akasema.

"Geti ni langu tayari, shefu. Huna kingine cha kuninyang'anya. Nipe sanduku."

Akalibeba yeye mwenyewe, na soksi zake, akalifunga kwenye keria kwa kamba mbili, na juu akaongeza mkanda wa suruali yake. Nikaondoka. Nyuma nikasikia dereva anasema, "Muombe Mungu, shefu," na shefu anasema, "Nimeshaanza."

Upande ule wa kupanda nisiwadanganye, ulinitoa machozi. Mara mbili moto ililala kushoto, na mara mbili meno ya pembeni yakauma ukingo wa njia yakanirudisha. Kulikuwa na mahali ambapo njia yenyewe ilikuwa inateremka pamoja na mimi, mimi napanda, yenyewe inashuka, tunasalimiana. Sikukaa chini. Sikuangalia tope, niliangalia mahali nataka kufika: jiwe lile, mti ule, kona ile. Nilisikia barafu inagongana sandukuni, kó kó kó, na nikajua ikinyamaza imeyeyuka. Nikawa naendesha nikiisikiliza kama mapigo ya moyo wa mgonjwa.

Nilivyotokea kituoni Buhinyuza, watu walikimbia. Hawakuona mtu juu ya moto, waliona kipande cha kilima kinakuja kwa injini. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani, alisimama mlangoni akapaza sauti, "We uko nani?"

"Mimi ni barafu!" nikasema, sababu jina langu nilikuwa nimelisahau.

Akafungua sanduku. Akaingiza mkono. Uwanja mzima ukanyamaza, akina mama, watoto, hata mbuzi. Akatoa mkono unafuka moshi wa baridi, akaunyanyua juu kama amebeba kombe. Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika Tanzania, nina jamaa kule amenithibitishia.

Wakaanza kuchoma sindano. Mtoto wa kwanza akalia, wa pili akamwona wa kwanza akalia kabla ya zamu yake, na muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa unalia kwa sauti moja. Nimesikia kwaya nyingi. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nilikaa kwenye ngazi nikala kiazi walichonipa, tope linanikauka usoni, nikasikiliza mpaka mtoto wa mwisho.

Shefu alifika saa tisa kwa miguu, pekupeku, suruali ameishika kwa mkono sababu mkanda alikuwa amenipa mimi. Akaingia ndani, akahesabu chupa tupu moja moja, akatoka. Akaja mpaka kwenye moto. Akachuchumaa mbele ya ile pine, akatia kidole kwenye pengo, akakitoa.

"Shabiri ana ingine?" akauliza.

"Hana, shefu. Ila ataagiza. Sasa hivi itabidi atafute nyumba nyingine ya kuku."

Hakucheka, lakini sikio lilicheza. "Geti tutatafuta mtu," akasema. "Nirudishe kwenye gari."

Nikampakia nyuma. Tukashuka kile kilima nilichopanda asubuhi, yeye amenikumbatia kama mjane, nasikia sala zake kisogoni, nyingine kwa Kifaransa. Dereva alikuwa amekaa juu ya paa la gari, anatupungia. Tukavuka mto, na pale nilipotakiwa kusimama sikusimama, tukampita, tukapanda ng'ambo mpaka juu kabisa, pine inatema njia nzima. Nikasimamisha.

"Tumefika wapi?" akauliza shefu.

"Tumevuka, shefu. Fungua macho."

Akafungua. Akageuka nyuma, akaangalia mteremko, alama yetu moja imepita katikati imenyooka, na gari chini inazama. 

"Sikuona kitu," akasema. "Geuza. Nataka kuona."

Nikageuza.